Maziwa hayatoi thina kifuani: jibu kwa fundi wa Keko

Fundi wangu, swali lako nimelisoma mara mbili na nimeona nilijibu leo leo, maana kuna kitu umekitaja mwishoni juu juu kama mtu anayeaga, kumbe hicho ndo kikubwa kuliko ulichouliza.

Niliweke hapa kwa kifupi na wengine waelewe. Una karakana ya fanicha Keko, chumba kimoja na kibaraza, mdogo wako wa miaka 19 ndo anapiga spre sanding sila na vanishi, jioni mnafunga mlango na madirisha vumbi lisidondokee kazi, thina inaenda kama lita tatu kwa usiku mmoja wa kazi. Dogo anaumwa kichwa, anakuwa kama kalewa, ila siku hizi anasema kazoea, hata harufu haisikii. Wewe unamnunulia maziwa ya pakiti kila siku na unataka kujua yapi yanafaa zaidi, fresh au mtindi, na anywe kabla ya kazi au baada. Alafu ukaongeza kwamba dogo analala humo humo karakana kulinda mali, na mkeo ambaye ni mjamzito ndo anawaletea chakula usiku.

Kabla ya maziwa tuongelee hilo godoro. Litoe humo leo. Sio wiki ijayo ukipata mlinzi, leo kabla ya magharibi, akalale kibarazani kwenye neti au kwako au kwa jirani, popote ila sio kwenye chumba ambacho kabati limepigwa vanishi saa mbili usiku na linaendelea kukauka mpaka asubuhi. Kukauka maana yake ni nini? Maana yake ile thina inatoka kwenye mbao inaingia hewani, haipotei, inahamia kwenye hewa anayovuta mtu aliyelala. Tena mvuke wake ni mzito, uzito wake ni mara tatu ya hewa ya kawaida, kwa hiyo pasipo upepo unatambaa chini sakafuni, na godoro la dogo liko wapi? Sakafuni. Na kama humo ndani anawasha dawa ya mbu ile ya duara ya kuchoma basi fundi hapo mimi nashindwa hata kuandika vizuri, nimetetemeka kweli niliposoma, kwa sababu ile ncha nyekundu ni moto, na mvuke wa thina hautakiwi kukutana na moto wa aina yoyote.

Sasa maziwa. Jibu ni hapana, yote mawili, fresh na mtindi, kabla na baada. Mimi mwenyewe nilianzia kazi kwenye kiwanda cha rangi hapa hapa Dar, nikiwa kijana, kazi yangu ilikuwa kuosha matenki ya kuchanganyia rangi kwa thina, na tulikuwa tunapewa maziwa pakiti ya nusu lita kila zamu na tunasaini kabisa daftari kwamba tumepokea. Maski hatukupewa. Niliyanywa maziwa yale kwa imani miaka miwili, na kila jioni nilikuwa nashuka kwenye daladala natapika. Nilipokuja kusoma kemia ndo nikaelewa kwa nini, na mpaka leo inaniuma, kwa sababu hela ya yale maziwa ingenunua feni.

Angalia njia yenyewe inavyokwenda. Maziwa yanaingia tumboni. Thina inaingia mapafuni, kwenye mapafu inavuka kwenda kwenye damu kwa sekunde chache, damu inaipeleka kwenye ubongo kwa sababu ubongo umejaa mafuta na thina inapenda mafuta, si unaona inavyoyeyusha grisi mkononi. Hizo ni njia mbili tofauti, maziwa hayakutani na thina popote pa maana. Mwili wenyewe ndo unaotoa, kwa kazi ya ini: ini linachukua ile tolueni, ambayo ndo kemikali kubwa kwenye thina nyingi, linaigeuza kuwa asidi ambayo figo zinaitoa kwa mkojo, na sehemu nyingine inarudi kutoka kwa pumzi kama ilivyoingia. Ukimpa mtu masaa ya kutosha kwenye hewa safi sehemu kubwa inatoka ndani ya siku moja. Ndo maana nikakwambia godoro kwanza, maana dogo hapati hayo masaa, anafanya kazi ndani ya thina na analala ndani ya thina, ini lake halipumziki. Na kuna hili nalo mwambie taratibu bila ugomvi: kama anatoka kazini anapitia bia mbili tatu, pombe inachukua foleni ile ile kwenye ini, kwa hiyo tolueni inakaa kwenye damu muda mrefu zaidi. Jioni ya kazi ya spre hakuna bia.

Maziwa kama chakula mpe, ni chakula kizuri, kijana anayefanya kazi ngumu anahitaji. Ila usiyahesabu kama kinga, maana ukiyahesabu kama kinga unaacha kufungua dirisha.

Hili la kuzoea harufu limenitisha kuliko kichwa kuuma. Pua inachoka. Ukikaa kwenye harufu moja kwa muda, pua inaacha kukupa taarifa, lakini mapafu yanaendelea kupokea vile vile, hakuna mtu aliyezoea thina, kuna mtu ambaye kengele yake imezimwa. Fanyeni jaribio hili dogo: jumapili mkiwa hamfanyi kazi, dogo akae mbali kabisa siku nzima, jumatatu asubuhi aingie karakana kabla hamjafungua kopo lolote, akisikia harufu kali basi ajue hiyo ndo anayovuta siku zote bila kuisikia. Na uangalie pia kama kichwa kinapona jumapili na kurudi jumatatu jioni, maana malaria haina kalenda, inayofuata ratiba ya kazi ni kazi yenyewe.

Nikupe hesabu kidogo kwa sababu nyie mafundi mnapenda vipimo. Chukulia chumba cha mita 3 kwa 4, dari mita 2 na nusu, hewa humo ni lita 30,000. Tolueni lita moja ikikauka yote inageuka mvuke kama lita 230. Wataalamu wa NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama na afya kazini, walisema mfanyakazi asizidishiwe sehemu 100 za tolueni kwa kila sehemu milioni za hewa kwa wastani wa siku ya kazi, wengine wa ACGIH, chama cha wataalamu wa afya kazini cha huko huko, wakashusha mpaka 20 tu. Sasa kwenye chumba kile, kufikia hiyo 100 unahitaji kiasi gani kikauke? Kijiko kimoja cha chakula, na hakijai. Kijiko! Wewe umeniambia lita tatu. Kiwango ambacho NIOSH wanasema ni hatari ya moja kwa moja kwa uhai ni 500, yani kama vijiko vinne vitano tu. Bila shaka thina yako sio tolueni tupu, ina asetoni, ina zaileni, ina vitu vingine inategemea aliyechanganya, na chumba chenu kina matundu na bati lina nafasi, hewa inatoka, sio kwamba lita zote tatu zinabaki ndani, na namshukuru Mungu kwa hayo matundu. Lakini umeshaona ukubwa wa pengo.

Na hesabu hiyo hiyo ndo hesabu ya moto. Mvuke wa tolueni ukifika kama asilimia 1.1 ya hewa unashika moto, kuanzia hapo mpaka kama asilimia 7. Kwenye chumba kile, lita moja na nusu ikikauka bila hewa kutoka mmeshafika, na kule chini sakafuni panafika mapema zaidi. Watu wanadhani thina inahitaji joto ndo itoe mvuke wa kuwaka, hapana, tolueni inaanza kutoa mvuke wa kutosha kuwaka kwenye nyuzi 4 tu, hiyo ni baridi ya ndani ya friji. Dar es Salaam haijawahi kuwa na usiku wa nyuzi 4, kwa hiyo hapa kwetu thina iko tayari kuwaka mwaka mzima, Julai na Februari, asubuhi na usiku.

Cheche inatoka wapi? Swichi ya taa. Soketi ambayo mnachomekea simu. Mota ya randa. Feni. Sigara ya mteja aliyekuja kuulizia kitanda. Mshumaa umeme ukikatika. Jiko la mkaa la mama lishe aliye kibarazani, na fundi wa mageti jirani yako anayechomelea, maana Keko karakana zimebanana ukuta kwa ukuta, na mvuke unaweza kutambaa chini ya mlango ukaenda kukutana na moto wa mtu mwingine na ule moto ukarudi kwako kwa njia ile ile. Hata kumimina thina haraka kutoka dumu kubwa kwenda ndoo ya plastiki kunaweza kuzalisha umeme tuli, ile cheche ndogo kama unapovua sweta la nailoni. Unyevu wa hewa ya Dar unapunguza hilo lakini hauliondoi, kwa hiyo mimina taratibu, tumia kopo la bati au chuma, mdomo wa dumu uguse kopo, usimwage kutoka juu.

Moto ukitokea maji msimwagie. Thina ni nyepesi kuliko maji, inaelea juu inaendelea kuwaka na maji yanaisambaza mpaka kwa jirani. Wekeni ndoo mbili za mchanga mkavu karibu na mlango, sio ndani kabisa ambako hamtaweza kufika, na mtungi wa kuzimia moto wa unga. Kama ni moto wa kopo, funika. Ukishapanda kwenye mbao tokeni, piga 114 ya zimamoto, mali itatafutwa tena.

Sasa umeniuliza kwa namna fulani, mfanye nini basi wakati vumbi linaharibu vanishi? Hili nalielewa, sio dogo, mteja anataka kioo. Lakini tatizo lenu ni kwamba mnapigania vumbi kwa kufunga hewa, wakati vumbi mnalizalisha wenyewe kwa msasa na randa mule mule. Tenganisha muda. Msasa na kukata asubuhi, mchana fagia na mwagia maji sakafu kidogo, acha vumbi litulie saa moja au mbili, alafu piga spre madirisha yakiwa wazi. Bora zaidi spre muipigie kwenye kile kibaraza, chini ya bati, pembeni mnazungushia turubai au shedineti pande mbili na kuacha pande mbili wazi upepo upite. Upepo wa bahari tunao bure, na mchana ndo unavuma vizuri, nyie mnapiga spre usiku hewa ikiwa imetulia.

Ikibidi ndani, basi feni, na hapa sikiliza kwa makini maana wengi wanakosea. Feni ya kawaida usiiweke upande ambao mvuke unatokea, maana mota yake itatoa cheche ndani ya mvuke. Iweke upande wa hewa safi, mlangoni kwa nje, isukume hewa safi ndani ipite mgongoni kwa dogo iende kwenye kazi alafu itokee upande wa pili, na huko upande wa pili toboa matofali chini karibu na sakafu kwa sababu nilishakwambia huyu mgeni anatembea chini. Dogo asisimame katikati ya kazi na njia ya kutokea hewa, hapo atakuwa anaoga mvuke. Feni iwashwe kabla kopo halijafunguliwa na iendelee saa kadhaa baada ya kumaliza, na makopo yafunikwe muda wote. Mfuniko ni kinga ya bei rahisi kuliko zote duniani na ndo inayodharauliwa kuliko zote, kila karakana ninayoingia nakuta ndoo ya kuoshea brashi iko wazi kutwa nzima.

Maski: ile ya kitambaa, ile ya bluu ya hospitali, ile nyeupe ya vumbi, na fulana iliyofungwa puani, zote hizo hazizuii mvuke hata kidogo, zinazuia matone ya rangi tu na zinampa mtu ujasiri wa uongo. Inayotakiwa ni maski ya mpira yenye filta za mkaa, zile za mvuke wa kemikali, na mbele yake kifuniko cha kuzuia matone. Filta hizo zinajaa, na zinaendelea kujaa hata zikiwa zimening'inia ukutani, kwa hiyo akimaliza azifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa au kopo lenye mfuniko. Akisikia harufu ndani ya maski atoke akabadilishe, ila msisubiri harufu ndo muwabadilishie, maana pua yake nimeshasema imechoka, wekeni tarehe kwa kalamu juu ya filta na mzihesabu kwa masaa ya kazi. Ndevu zikiwa nyingi maski haishiki uso. Maski inakuja baada ya hewa, haiji badala yake.

Kuna jambo la pembeni ila siwezi kuliruka. Kama kuna siku mnapiga zile rangi za hadina, za kuchanganya makopo mawili kama za magari, hiyo ni habari nyingine kabisa. Hadina nyingi zina kemikali inayoitwa isosayaneti, haina harufu ya kukuonya, na inaweza kumpa mtu pumu ya kudumu, akishaipata hata kiasi kidogo sana baadae kinamfunga kifua. Kwenye karakana kama yenu msizipige kwa spre. Kikohozi cha usiku au kifua kubana baada ya kazi ya hadina ni sababu ya kuacha siku hiyo hiyo na kwenda hospitali.

Mikono msioshe kwa thina, na petroli ndo kabisa, petroli ina benzini na benzini inaleta saratani ya damu, hilo halina mjadala. Rangi ya mafuta ikiganda mkononi paka mafuta ya kula, sugua na kitambaa, alafu sabuni. Glovu nyembamba za hospitali tolueni inapita ndani ya dakika chache, tafuteni nene za kemikali na zikilainika mtupe. Masikio pia: tolueni inaharibu usikivu, na ikiungana na kelele za kompresa na randa inaharibu zaidi, kwa hiyo ukiona dogo anaongeza sauti ya redio usidhani ni ujana tu.

Na thina msinunue kwenye chupa za maji ya kunywa. Najua ndo inavyopimwa madukani, nusu lita kwenye chupa ya maji, lakini mtoto akiona chupa ile anajua ni maji. Nunua kopo lenye lebo, au angalau weka kwenye dumu dogo la chuma lenye maandishi makubwa, lifungiwe. Na kama mtu ameinywa, mtoto au mkubwa, USIMTAPISHE na usimpe maziwa, kwa sababu hatari kubwa ya thina iliyomezwa ni ile inayoingia mapafuni wakati wa kutapika, kiasi kidogo tu kikiingia huko mapafu yanavimba vibaya. Suuza mdomo, mkimbize hospitali na chupa yenyewe muende nayo.

Dogo akizimia mule ndani usikimbilie kuingia na wewe ukaanguka juu yake. Fungua mlango na madirisha, usiguse swichi, vuta pumzi nje, ingia mtoe haraka. Mlaze ubavu hewani, mvue nguo zilizolowa, asipewe chochote mdomoni. Akizinduka mtulize, akae, asianze kukimbia kimbia wala kugombezwa, kwa sababu tolueni nyingi inaufanya moyo uwe mwepesi kukosea mapigo pale mtu anaposhtuka au kukimbia. Hili nawaomba pia wote mnaowaona wale watoto wanaovuta gundi kwenye chupa mitaani, Kariakoo na kwingine: msiwakimbize wala kuwapiga, moyo wa mtoto aliyevuta unaweza kusimama palepale kwa kushtuka. Gundi ile ni tolueni ile ile ya karakana, na wengi wanaipata kwenye karakana zetu, kwa hiyo makopo yaliyobaki msiyatupe nje.

Hospitali aende sasa, sio mpaka azimie. Kichwa cha kila siku, kulewa bila pombe, kusahau sahau, mikono kutetemeka, misuli kulegea, moyo kwenda mbio, hayo yote ayataje. Na asiseme tu "naumwa kichwa", aseme "napiga spre ya thina kwenye chumba kilichofungwa, miezi kadhaa sasa, nalala humo", maana asiposema hivyo atapimwa malaria na kurudishwa nyumbani na panado. Piga picha lebo ya kopo mumuonyeshe daktari. Wakiamua kupima mkojo kuangalia ile asidi inayotokana na tolueni, siku mbili kabla asinywe soda, kwa sababu kihifadhi kilichomo kwenye soda nyingi mwilini kinageuka kuwa asidi hiyo hiyo na majibu yanachanganya.

Na shemeji. Tolueni inavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na kwa mama waliovuta nyingi watoto wamezaliwa wadogo, vichwa vidogo. Kufikisha chakula mlangoni mara moja sio kiwango hicho, asiogope kwa yaliyopita, ila kuanzia leo asiingie humo, na nguo zako za kazi zilizolowa thina usimpelekee afue, zianike nje kwanza mpaka zikauke kabisa na uzifue mwenyewe. Chakula mfuate nyie, mnawe mikono, mle nje. Dogo akitoka hospitali niandikie wamesema nini, na uniambie lile godoro liko wapi.